ALIYEPONA AENDE AJIONYESHE

Masomo: Luka 17:11-19, Walawi 13 na 14, Kutoka 16



Neno tunalolileta leo katika bulletini yetu tulipashwa kulileta zamani. Tumekawia, na sababu si kazi nyingi wala safari. Tulikuwa na haya. Mtu anayesimama mbele ya watu na kusema jambo kwa sauti kubwa, siku akijua kwamba alikosea, hutafuta pembe ya nyumba ili alisahihishe kwa sauti ndogo. Sisi hatukulisahihisha hata kwa sauti ndogo. Kwa hiyo tutaanza na Maandiko, kisha tutafika kwa kosa letu wenyewe.

Luka anatueleza habari ya wagonjwa kumi wa ukoma waliosimama mbali wakimlilia Yesu awahurumie. Wengi wetu tumelihubiri somo hili, na kila mara tunakimbilia mwisho wake, kwa yule Msamaria mmoja aliyerudi kushukuru. Ni vizuri. Lakini tazameni mwanzo. Yesu hakuwagusa, wala hakuwaambia kwamba wamekwisha kupona. Aliwatuma kwa makuhani wakaonwe. Wakati walipopewa amri hiyo walikuwa bado na vidonda vyao, na ni njiani, katika kutii, ngozi yao ilitakasika. Tena yuko yule mmoja wa Luka 5, ambaye Yesu alimgusa kwa mkono wake na akapona palepale. Huyo naye aliamriwa kwenda kwa kuhani. Sasa tujiulize: mtu aliyeponywa na mkono wa Mwana wa Mungu alikuwa na haja gani tena na kuhani?

Jibu liko katika kitabu cha Walawi. Kuhani wa wakati ule alikuwa na kazi ya kutazama. Alitazama ngozi. Alitazama nywele za mahali penye alama, kama zimegeuka kuwa nyeupe. Alitazama kama kidonda kimeingia ndani kuliko ngozi. Asipokuwa na hakika, alimfungia mtu siku saba, akamtazama tena, kisha siku saba nyingine, na kumtazama tena. Kuhani hakumponya mtu. Aliona na alisema kweli, ili mgonjwa asijidanganye kwamba amepona, na aliyepona asibaki nje ya kambi bure. Mungu ndiye mponyaji, na Mungu yuleyule ndiye aliyeweka mwenye kutazama. Yesu hakuogopa kwamba macho ya kuhani yatapunguza muujiza wake.

Sasa tuseme letu.

Sisi tunaoandika mistari hii tunaishi na ugonjwa wa sukari tangu mwaka 2011. Ni ule wa aina ya pili, unaowakamata zaidi watu wazima: mwili unatengeneza insulini lakini hauitumii vizuri, na pole pole insulini yenyewe inapungua, hata sukari inabaki katika damu badala ya kuingia mahali panapohitaji nguvu. Tulikuwa na kiu isiyokwisha, tuliamka mara nne usiku kwenda kukojoa, na herufi za Biblia zilikuwa kama zimefunikwa na ukungu. Munganga alitupatia metformini, na baadaye akaongeza glibenklamidi. Alituomba tupunguze bukari, tutembee kila siku, na turudi kwake kila miezi mitatu. Tulitii. Kufikia mwaka 2017 sukari yetu ya asubuhi, kabla ya kula, ilikuwa kati ya 100 na 120. Macho yalirudi. Usiku tulilala.

Mwezi wa kumi wa mwaka ule tuliingia katika retreti ya kukumbuka tarehe 12 Oktoba, siku ambayo Papa Simon Kimbangu alifariki hapa mjini kwetu mwaka 1951, akiwa mfungwa kwa miaka 30. Tulisali sana. Tulikunywa maji ya Nkamba. Asubuhi ya mwisho tulipima sukari, tukakuta 104. Tukasimama mbele ya waamini tukatangaza kwamba Mungu ametuondolea ugonjwa, na kwamba kuanzia siku hiyo vidonge tumevitupa. Fanfari ilipiga. Watu walilia kwa furaha, nasi tulilia.

Ile 104 ilikuwa kweli. Uongo ulikuwa katika maelezo tuliyoyatoa juu yake, kwa maana kidonge tulikimeza jana yake.

Mwezi wa kwanza wa 2018 kiu ilirudi. Tulipima: 389. Tukarudia vidonge, na hapa ndipo penye dhambi yetu, tulivirudia kwa siri. Hatukumwambia mtu. Ushuhuda wetu ukaendelea kutembea peke yake katika parokia, ukiwa na afya njema kuliko sisi.

Kati ya watu walioupokea alikuwepo mama mmoja wa kwaya. Naye alikuwa na ugonjwa huo, na sukari yake ilikuwa imetulia kama yetu. Alirudi nyumbani akafanya kama tulivyosema. Baada ya miezi alikanyaga msumari katika kiwanja chake, na hakusikia kitu. Aliona damu kwenye sementi ndipo akajua kwamba amejichoma. Kidonda kilikataa kupona, kikaingia mfupani, na katika mwaka huohuo alikatwa mguu chini ya goti. Tulimtembelea hopitalini. Tulimwombea, tulimpelekea matunda, na vidonge vyetu vilikuwa katika mfuko wa koti letu.

Miaka imepita. Mwaka huu yule mama alituita nyumbani kwake. Hakugomba. Alitupatia kiti na maji, akasema: "Papa Mchungaji, ushuhuda wako ulikuwa mutamu, lakini uliukata katikati. Andika sehemu inayobaki, niisome nikingali hai." Basi tunaiandika.

Sehemu inayobaki ni hii. Mtu akiona sukari yake imetulia, mara nyingi imetulia kwa sababu dawa, chakula na kutembea vinafanya kazi yao. Nyumba ambayo mvua hainyeshi ndani yake, ni kwa kuwa ina mabati. Je, mwenye nyumba akiona sakafu ni kavu mwezi wa pili, mvua ikiwa kali, atapanda juu ang'oe mabati akisema hayana kazi tena? Sisi tuliyang'oa. Tena tuliwaita jirani washangilie.

Hatusemi kwamba Mungu haponyi. Kanisa letu lilizaliwa na uponyaji, tarehe 6 Aprili 1921 kule Ngombe-Kinsuka, wakati mama Nkiantondo aliposimama kutoka kitandani mwa ugonjwa wake. Anayetaka kuliondoa jambo hilo anataka kutuondolea msingi. Lakini Mungu akikuondolea ugonjwa, chombo cha munganga kitaona. Munganga ataona mara ya kwanza, atashangaa, ataona mara ya pili, na yeye mwenyewe atakupunguzia dawa. Wako watu waliopunguza uzito wa mwili sana na sukari yao ikabaki chini bila kidonge. Hao pia wanaendelea kupimwa, kwa sababu inaweza kurudi. Kwa hiyo aliyepona aende ajionyeshe, kama wale kumi walivyoenda. Anayekataa kupimwa kwa jina la imani, labda anaogopa kile ambacho kipimo kitasema. Tunaongea juu yetu wenyewe. Tuliacha kwenda kupimwa wiki ileile ya ushuhuda, na ndani ya moyo tulijua sababu.

Kuna jambo lingine linalotugusa, nasi tunaomba mlitafakari. Mwaka 1921, Papa Simon Kimbangu alipokuwa akifanya kazi yake Nkamba na wagonjwa wakiacha vitanda vyao kwenda kumtafuta, ng'ambo ya bahari, katika mji wa Toronto nchini Kanada, munganga Frederick Banting na kijana Charles Best walikuwa wakitafuta kile kinachokosekana katika mwili wa mgonjwa wa sukari. Waliita insulini. Mwezi wa kwanza wa 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa wa kwanza kuchomwa sindano hiyo. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza alikuwa akisubiri kifo tu. Wengine wataona ni miaka iliyokutana ovyo. Sisi tunaona mkono mmoja uliofungua milango miwili. Wala tusisahau kwamba Kanisa letu, lilipopata uhuru wa kusali wazi mwaka 1959, lilijenga hopitali na dispansere pamoja na mashule. Kama wazee wetu wangeona dawa ni adui wa maombi, wangeweka matofali yale mahali pengine.

Wengine watauliza: huko kujionyesha, tunaonyesha nini? Hebu tueleze, kwa sababu wengi wanadhani ni kutobolewa kidole na basi.

Kidole kinasema sukari ya saa ile. Ni chema, lakini kinadanganyika. Tunawajua waamini (na tulikuwa mmoja wao) ambao siku tatu kabla ya kwenda kwa munganga wanakula majani tu kama mbuzi, ili kipimo kitoke kizuri, na jioni ya siku ileile wanarudia bukari ya mlima. Kwa watu kama sisi kuna kipimo kingine, hemoglobini glike. Sukari inashikamana na chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaishi karibu siku 120. Kwa hiyo kipimo hicho kinasoma miezi miwili au mitatu iliyopita, hata siku ambazo hukupenda zionekane. Kwa wagonjwa wengi wanganga wanatafuta kiwe chini ya 7 kwa mia. Anayetulia anakifanya mara mbili kwa mwaka, asiyetulia kila miezi mitatu. Katika Kanisa tunafundishwa kwamba jina Kimbangu ni la yule anayefunua yaliyofichika. Tunalikumbuka kila mara tunapongoja jibu la laboratwari.

Munganga atapima tansio pia, kwa sababu sukari na tansio ni ndugu wawili wanaosaidiana kuharibu figo na moyo. Atataka mkojo na damu aone kama figo zinachuja vizuri. Mara moja kwa mwaka munganga wa macho atatia matone na kutazama nyuma ya jicho, mahali ambapo mishipa midogo huanza kuvuja bila maumivu yoyote. Mtu anasema naona vizuri, siendi. Kumbe jicho linaloona vizuri ndilo la kupeleka, maana lililokwisha kuharibika halirudishwi kwa urahisi. Na atatazama miguu.

Hapa kwa miguu tusimame kidogo, kwa kuwa sisi ni Kanisa linalovua viatu. Tunavua kwa heshima, kama Musa mbele ya kichaka kilichowaka, na kule Nkamba kila mtu anatembea miguu mitupu, mkubwa na mdogo. Hatuandiki ili kubadilisha jambo hilo. Lakini sukari iliyokaa juu kwa miaka inaua mishipa ya kusikia katika nyayo. Mguu unakuwa kama wa mtu mwingine. Jiwe, mwiba, msumari, lami iliyochomwa na jua, hausikii. Yule mama wa kwaya alimwaga damu kwa hatua kumi kabla ya kujua.

Basi sisi tunafanya hivi. Tunakuja na viatu vyetu mpaka mlangoni, hatutembei miguu mitupu tangu nyumbani. Vijana wanaofagia kiwanja cha parokia tumewaomba wafagie wakitafuta misumari na vipande vya chupa, si majani tu, na tunawashukuru maana walielewa haraka kuliko wazee. Kila usiku tunaosha miguu, tunaikausha katikati ya vidole, na tunaitazama juu na chini. Asiyeweza kuinama amwite mjukuu, macho ya mtoto yanaona vizuri. Ukienda safari ya Nkamba fanya hivyo kila jioni bila kukosa. Ukiona jeraha, hata dogo kama punje ya muhindi, siku ileile uende kituo cha afya. Usiweke kitu chochote juu ya kidonda kilicho wazi, hata udongo tunaouheshimu, maana kidonda ni mlango, na mlango ulio wazi hauchagui mgeni. Na ninyi wa Lubumbashi, baridi ya mwezi wa sita na wa saba tunaijua. Usinyooshe miguu karibu na mbabula. Wako watu waliojichoma wakidhani wanajipatia joto.

Neno juu ya kufunga. Hapa tutaongea kwa nguvu kidogo, mtuvumilie.

Mtu anayetumia glibenklamidi au insulini, akifunga bila kuongea na munganga, anaweza kuanguka. Dawa inaendelea kushusha sukari, na chakula hakiji. Jasho linatoka, mikono inatetemeka, moyo unakimbia, maneno yanachanganyika. Katika retreti moja tulikuwepo. Papa mmoja alianza kutetemeka, uso umelowa, midomo inasema maneno yasiyoeleweka. Waamini waliokuwa karibu wakapandisha wimbo, wakidhani Roho amemshukia. Dada mmoja muuguzi alipita kati ya watu na gilukometa yake, akatoboa kidole: 46. Kitu kilichoshuka kilikuwa sukari. Alimpatia maji yenye vipande vitatu vya sukari, tukangoja dakika kumi na tano, akapima tena. Yule papa alifungua macho akauliza kwa nini watu wanaimba. Tulicheka siku ile. Leo hatucheki, kwa maana kama dada yule asingekuwepo tungeimba mpaka mwisho.

Kwa hiyo, mwenye ugonjwa wa sukari anayetaka kufunga, kwanza aende kwa munganga wake, amwambie siku na saa. Munganga anaweza kukubali, anaweza kubadilisha saa ya dawa, anaweza kukataa. Akikataa, usijione mdogo mbele ya ndugu zako. Someni Isaya 58, mwone funga ambayo Mungu anaisifu: kumvika aliye uchi, kumgawia mkate mwenye njaa, kufungua vifungo. Hakuna ordonansi inayokataza hiyo. Na viongozi wa retreti, tafadhali, ulizeni mlangoni ni nani mwenye ugonjwa huo, na wekeni sukari mahali panapojulikana. Mtu akitetemeka, mpimeni kwanza. Hata Roho Mtakatifu hachukii kupimwa, yeye ndiye aliyemwambia Yohana atufundishe kuzijaribu roho.

Juu ya chakula hatutasema mengi, kila mmoja ana munganga wake. Bukari haikukatazwa. Kipimo chake ndicho kinachokatazwa kuwa kikubwa. Chukua mfano wa mana katika Kutoka 16. Kila mtu aliokota ya kumtosha siku ile, na aliyetaka kuweka nyingi alikuta funza asubuhi. Weka sombe, lengalenga au bilolo nusu ya sahani, samaki robo, bukari robo, utakuwa umeokota mana yako. Jambo linalotusumbua zaidi ni sikukuu zetu. Sisi hatunywi pombe, na tunajisifu kwa hilo. Lakini tarehe 25 Mei, siku ya Noeli yetu, tazameni makasha ya limonadi yanavyoingia kiwanjani! Chupa moja ya sentilita 33 mara nyingi inabeba karibu gramu 35 za sukari, yaani vijiko vidogo saba na zaidi, na mtu anakunywa tatu akiwa na dhamiri safi kwa sababu haina pombe. Munkoyo yetu pia, mama zetu wanaitilia sukari mpaka kijiko kinasimama. Weka maji mezani, na mgeni asiyetaka limonadi asisukumwe. Kumsukuma mgonjwa "onja kidogo tu, ni sikukuu" si upendo.

Lakini pia kuna furaha katika desturi zetu. Wale wanaotembea nyuma ya fanfari wakati wa nsinsani, wakizunguka kiwanja saa nzima kwa kupeleka matoleo, hawajui kwamba wanafanya dawa ile munganga anayoiandika kila mara: kutembea haraka dakika thelathini, siku nyingi za wiki. Sisi sasa hatukai tena kwenye kiti cha wachungaji wakati huo. Tunatembea. Watu wanadhani tumeongeza bidii ya kutoa.

Inabaki shida ya pesa, na hatutaifunika. Metformini haina bei kubwa sana. Bandeleti za gilukometa ndizo zinazomaliza mfuko, na hemoglobini glike haipatikani katika kila kituo. Wengi wanaacha kupimwa si kwa kukosa imani wala akili, ni kwa kukosa faranga. Mchungaji anayewahubiria hao kuhusu utii bila kugusa mfuko wake anabeba maji katika kikapu. Katika Kanisa tunarudia kila siku Bolingo, Mibeko, Misala: upendo, amri, kazi. Basi hii ni kazi. Katika parokia yetu tumeanza likelemba ya watu kumi na wawili wenye ugonjwa wa sukari. Kila mwezi tunakusanya kidogo, tunanunua kopo moja la bandeleti la wote, na kila mwezi wa sita na wa kumi na mbili fungu linamlipia mmoja asiye na kitu kipimo kikubwa. Gilukometa ni moja. Sindano ya kutobolea kidole kila mtu ana yake, na haiazimwi hata kwa mume na mke, kwa sababu damu hubeba magonjwa mengine. Kila mmoja ana kaye. Ndani yake anaandika tarehe, sukari, tansio, uzito, na kama miguu imetazamwa. Kaye hiyo ndiyo tunayoipeleka kwa munganga, na sasa yeye anaisoma kabla ya kutusalimia.

Vidonge vyetu tunavimeza asubuhi kwa maji ya Nkamba, mbele ya watoto, bila kujificha. Kipimo chetu cha mwisho kilikuwa 6.8. Mguu wa kushoto umeanza kupoteza kusikia kwenye kidole kikubwa, na munganga anasema inaweza kuwa ni miezi ile tuliyokaa bila dawa. Hilo nalo tunaliandika katika kaye.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi na mbili ya asubuhi kabla ya ibada, tunapima sukari katika chumba cha nyuma cha parokia, kwa wale wenye ugonjwa na kwa wale wasiojua kama wanao, hasa wenye miaka zaidi ya 40, wenye tumbo kubwa, na wale ambao baba au mama alikuwa nao. Uje bila kula, lakini unaweza kunywa maji. Ulete viatu na kaye. Majina yanaandikwa na mama wa kwaya tuliyemtaja. Amekaa karibu na mlango, kwenye kiti chenye mto, na fimbo zake mbili ziko ukutani nyuma yake.